Mnyororo wa M3 hauoti kutu

Kaka, umeuliza kama upake rangi ya kutu kwenye mnyororo wa modeli yako ya M3: hapana, usipake. Deraya hilo la Marekani, matairi mbele na mnyororo nyuma, mkanda wake ni mpira uliosubiwa juu ya nyaya za chuma. Unachakaa na kushika vumbi tu. Paka kijivu kilichokolea, halafu vile vyuma vya katikati vinavyoongoza mkanda visugue kwa penseli ving'ae kidogo. Kutu peleka kwenye bomba la moshi. Deraya lenye mnyororo wa pingili za chuma ni la Mjerumani, Sd.Kfz. 251. Vumbi la kupaka modeli mimi nachekecha la hapahapa Ujiji kwa soksi ya nailoni, ila kwa gari la vita vya Tunisia 1943 ni jekundu mno, lipunguze kwa unga wa chaki.