Ukurasa wa ngapi?

Juzi asubuhi niko ndani ya daladala ya Ujiji, dereva kafungulia redio yetu, namsikia kijana wetu wa fildi anasoma kwa sauti nzito: kama alivyosema Albert Einstein, wendawazimu ni kurudia jambo lilelile huku ukitarajia matokeo tofauti. Nikafumba macho. Wa mwaka jana aliusoma huohuo, wa mwaka juzi pia, wote wakampa Einstein, na kila mwaka mimi nawakataza nikitarajia matokeo tofauti.

Einstein alifariki 1955. Msemo huo unaanza kuonekana Marekani mwaka 1981, kwenye mikutano na vijitabu vya watu wanaojinasua na ulevi na dawa za kulevya. Hakuna fizikia humo.

Basi, wadogo zangu wa meza ya kauli ya asubuhi, utaratibu mnaujua: jingo, kauli, jina, jingo, sekunde arobaini kwisha. Ni hizo sekunde arobaini zinazoniletea simu kuliko taarifa ya habari. Someni haya kabla hamjawasha maiki.

1. Picha yenye maandishi si chanzo. Mwalimu Nyerere wa WhatsApp anaongea kuliko yule wa Butiama. Kuna mmoja wenu aliniletea kauli ya Mwalimu kuhusu simu janja, na Mwalimu katutoka Oktoba 1999. Kauli zake za kweli zimejaa, nyingine zina sauti kabisa. Ile ya 1978 ya kumpiga Idi Amin, ya uwezo, sababu na nia, kila mtu mtaani ana mpangilio wake. Tafuteni rekodi, msikilize, ndipo muandike. Na ile ya watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora iko ndani ya Azimio la Arusha la 1967, waraka wa TANU. Ukisema "Azimio la Arusha linasema", hakuna atakayekupigia simu.

2. Tazama mtu alizaliwa lini. Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, anabebeshwa ile ya "kama hawana mkate, wale keki", wakati mwanafalsafa Rousseau alishaiandika miaka ya 1760 akimtaja binti mfalme asiye na jina, na Marie Antoinette wakati huo ni mtoto, yuko kwao Vienna. Hesabu ya kutoa tu, hata simu inaifanya.

3. Usiamini hata ya nyumbani. Hapa nitakaa kidogo, maana mnaniona mkali mkadhani nilizaliwa hivi.

Nilikuwa na miezi minne redioni. Novemba ilipoingia nikaomba niandae kipindi cha Stanley, mwandishi wa gazeti, kumkuta Livingstone, mmisionari na mpelelezi aliyekuwa akitafutwa, hapa Ujiji mwaka 1871. Mtoto wa Kigoma mimi, ule mnara na ile miembe nimeiona tangu natembea peku, nisome nini tena? Nikaandika kwamba Stanley alivua kofia akasema, "Dokta Livingstone, nadhani?" Nikaongeza kwamba maneno hayo Livingstone mwenyewe aliyahifadhi katika shajara yake. Hicho kipande cha shajara hakuna aliyenipa. Nilikitunga kwa sababu kilikaa vizuri mdomoni.

Kipindi hakijaisha, simu ya studio ikaita. Mzee wa Ujiji, sauti ya taratibu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasifu kipindi, halafu akauliza: "Hiyo shajara, mwanangu, ukurasa wa ngapi?"

Tuko hewani. Nikamjibu kitabu nimekiacha nyumbani, nitamtajia wiki ijayo. Nyumbani nilikuwa na Biblia na daftari la madeni ya duka.

Wiki nzima nikakesha na bando la usiku, nasoma shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapwa London mwaka 1874 baada ya kifo chake, kamusi pembeni. Nikaifikia siku yenyewe. Anaandika kwamba Susi, mtumishi wake, alikuja mbio anahema: "Mwingereza! Namwona!" Kisha huyo akachomoka kwenda kumlaki mgeni. Mbele ya msafara kuna bendera ya Marekani. Baada ya hapo ni habari za dunia alizoletewa. Kofia hamna. "Nadhani" hamna. Nikasoma mara tatu, kama anayepapasa mfuko uleule kutafuta funguo.

Mngedhani nimejifunza. Wiki iliyofuata nikaingia hewani kifua mbele, nikatangaza kwamba Stanley hakuwahi kutamka maneno yale, ni uongo mtupu. Simu ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ulikuwepo?"

Nikanyamaza. Mnajua sekunde nne za kimya redioni zinavyokuwa. Fundi mitambo akanionea huruma, akaweka taarabu.

Baadaye ndipo nikapata picha nzima. Maneno yale yamo katika taarifa za Stanley kwa gazeti la New York Herald na katika kitabu chake cha 1872. Katika shajara yake, kurasa za mkutano ule zimechanwa. Tim Jeal, aliyeandika maisha yake, anaona aliyatunga baadaye, na mimi naelekea huko. Lakini ukurasa uliochanwa hausemi ndiyo wala siyo. Cha kusoma hewani ni hiki: Stanley aliandika kwamba alisema. Maneno manne. Niliyalipia kwa mwezi mzima wa kutopita Ujiji mchana.

Susi je? Livingstone alikuwepo, alimsikia, akaandika. Ila sijaona fulana yenye maneno ya Susi.

4. Ile ya "hofu yetu kubwa si kwamba hatuna uwezo", mnayompa Mandela siku anaapishwa 1994, ni ya mwandishi wa Marekani, Marianne Williamson, kitabu cha 1992. Hotuba ya Mandela ipo, isomeni.

5. "Methali ya Kiafrika" ni sawa na kusema "nimeambiwa na mtu". Afrika ipi? Kiha, Kibembe, Kinyamwezi? Ile ya kijiji kizima kulea mtoto, kila ninayemwomba lugha yake ananitajia ya jirani. Sisi tuna "mkono mmoja haulei mwana", itumieni. Na kuna dhambi ya upande wa pili: "titi la mama li tamu" mnaiita methali, wakati ina mwenyewe, Shaaban Robert, kwenye shairi lake la kukisifu Kiswahili. Mtu katunga kwa jasho, ninyi mnampa "wahenga".

Skripti ya kesho nimeikuta mezani. Voltaire, yule mwandishi wa Kifaransa, ile ya "sikubaliani na unachosema, lakini nitatetea hadi kufa haki yako ya kukisema". Iliandikwa na mwanamke wa Kiingereza, Evelyn Beatrice Hall, mwaka 1906, akieleza msimamo wa Voltaire, na Voltaire kaburini tangu 1778. Kijana, nakungoja studio saa kumi na moja alfajiri. Uje na ukurasa.