Jibu: Wanajuaje sanamu ni ya Julia Domna?

Mkuu, umeuliza kichwa cha marumaru kisicho na jina kinatambuliwaje kuwa ni cha Julia Domna, mke wa Septimius Severus, mfalme wa Roma ya kale. Kifupi, sarafu ndiyo inayosema. Sarafu ina uso kwa upande na jina pembeni, IVLIA AVGVSTA (yaani Julia Augusta, Augusta kikiwa cheo chake cha malkia), kwa hiyo wataalamu huanzia hapo, kisha wanalinganisha na sanamu. Wanachotazama kwanza ni nywele: mawimbi mazito, njia katikati, masikio yamefunikwa, na fundo pana kisogoni. Wapo wanaosema ni wigi, na ukizitazama huwezi kuwalaumu.

Lakini tahadhari: wanawake wa kawaida nao waliiga mtindo huo, hivyo nywele peke yake hazitoshi. Lazima uso nao ukubaliane.

Wanawe ndio kizungumkuti. Caracalla na Geta walichongwa wakifanana mno utotoni. Halafu mwaka 211 Caracalla akamuua mdogo wake na kuamuru picha zake zifutwe. Sanamu zilivunjwa, majina yakakwanguliwa kwenye mawe, ila sarafu zilishasambaa mifukoni mwa watu. Nyingi za Geta zipo hadi leo.