Usihesabu masaa ya tiketi vile unahesabu chenji ya matatu

Nyinyi mmeanza kukatia watu tiketi za ndege juzi hapa Kisumu, wacha niwaambie kitu kiliniaibisha mwaka wangu wa kwanza. Mama mmoja wa Ahero alikuja na tiketi ya kijana wake, Nairobi hadi New York bila kushuka njiani, ilikua Januari, akauliza safari ni masaa mangapi. Nikaangalia, inatoka 23:25 inafika 06:25 kesho yake, nikamjibu haraka haraka, saba tu mama, ni kulala na kuamka. Asubuhi akakaa na simu mkononi, saba zikaisha, nane, kumi, akanipigia analia na mimi pia tumbo ikaanza kuniuma.

Ndege ilikua bado juu. Kila saa kwa tiketi ni ya mahali hapo, kule walikua nyuma yetu masaa nane, so hiyo safari ni kama masaa kumi na tano. Na msikariri nane, manake wale husongesha saa mbele Machi wakarudisha Novemba, ikisongeshwa tofauti inakua saba. Sisi ikweta inapita hapo Maseno, mchana na usiku karibu sawa mwaka mzima, hatuna hiyo shida.

Ingine ni kugawanya kilomita kwa mwendo wa ndege ndio upate masaa. Nairobi hadi New York ni kama 11,800, lakini kurudi huwa karibu lisaa limoja chini ya kwenda, juu upepo wa huko angani unavuma kutoka magharibi ukisukuma ndege ikija huku. Na safari fupi ndio itakudanganya kabisa, Kisumu hadi Nairobi kwa hewa haifiki 300, ukigawa kwa 900, kilomita za ndege kwa saa, unapata dakika kama ishirini na tiketi inasema hamsini hivi, kwa sababu wanahesabu kutoka ndege inaposonga pale imeegeshwa hadi isimame tena, kujipanga na kupanda na kushuka zote ndani. Kastoma akitaka kwenda Nairobi na matatu mwambie ukweli, hiyo barabara inaeza kumchukua masaa mengi kuliko ndege ya Nairobi hadi Dubai, ambayo ni kama masaa tano.

Lakini inayochoma watu zaidi ni saa sita usiku. Tiketi inasema Jumamosi 00:30, mtu anafunga mabegi Jumamosi anafika uwanjani jioni amevaa hadi tai, kumbe ndege iliondoka jana usiku. Hapo usimsomee tiketi, mwambie usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, uwe uwanjani saa tatu na nusu usiku Ijumaa, halafu muulize akurudishie vile amesikia. Mimi huandika na biro nyuma ya karatasi, siku ya kutoka nyumbani kwanza, na chini yake saa ya hapa Kenya ambayo mama yake aanze kungoja simu.