Je, Ubingwa wa Usingizi ni wa Daraja la Pili?

SWALI: Shikamoo, Daktari. Baada ya kusoma udaktari kwa miaka 5, sasa nafanya mafunzo kwa vitendo ya mwaka 1 hapa Tabora, na nimebakiza miezi 3. Wenzangu wanataja upasuaji, magonjwa ya wanawake au watoto. Mimi moyo umeangukia usingizi na ganzi. Mjomba wangu wa Urambo, aliyeuza tumbaku ili nisome, ameniuliza kama nilihangaika kote huko nije kulaza watu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba ana haki ya kuuliza, nawe umjibu kwa upole mkiwa mmekaa. Msimulie habari za mama aliyeletwa saa nane za usiku kutoka Sikonge ili ajifungue kwa upasuaji. Dakika chache baada ya kuchomwa ganzi ya mgongoni, shinikizo lake la damu linaweza kushuka ghafla. Analalamika kichefuchefu, midomo inapauka, na daktari wa usingizi aliyekaa kichwani pake ndiye anayefungulia dripu iende kasi, anamwinamisha kidogo ubavu wa kushoto, anamchoma efedrini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu, huku akiendelea kumsemesha kwa sauti ileile ya awali. Mwaka 2015, tume ya jarida la kitabibu la The Lancet ilipopendekeza mabingwa 20 kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030, iliwahesabu wa upasuaji, wa usingizi na wa uzazi katika fungu moja.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Vijana wengi huchagua ubingwa kwa sababu ya mkufunzi mmoja aliyewapenda, au huukimbia kwa sababu ya mmoja aliyewakaripia mbele ya wagonjwa (laiti wakufunzi tungelijua hilo). Mkufunzi huyo hutakuwa naye ukishamaliza shahada ya uzamili ya miaka 3 au zaidi. Utabaki na Jumanne za kawaida. Kazi hii ina saa nyingi za kukodolea mashine macho, wagonjwa wengi hawatalikumbuka jina lako, na kufungua kliniki yako ya jioni si rahisi kama kwa daktari wa watoto, jambo ambalo ulipime hasa ikiwa nyumbani wanakutegemea.

Basi omba wiki 2 katika chumba cha upasuaji, siku za orodha ya ngiri na mabusha, wala si za dharura, ukae mpaka mgonjwa wa mwisho aamke. Ukitoka jioni ukiwa bado unajiuliza kwa nini mapigo ya mgonjwa wa tatu yalipanda, jaza fomu.