Nadharia imeimeza riwaya yangu: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu riwaya ya By the Sea ya Abdulrazak Gurnah. Hoja yangu ni kwamba wahusika wamekwama kati ya tamaduni mbili, na nimeegemea dhana ya mseto wa tamaduni ya Homi Bhabha, mwananadharia wa ukoloni: kwamba tamaduni zikikutana huzaa kitu kipya kisicho cha upande mmoja. Msimamizi ameirudisha sura ya pili akisema nadharia imeimeza riwaya. Je, nibadilishe nadharia?

JIBU: Marahaba. Usiibadilishe kwanza. Kinachokuponza ni hilo neno "mbili".

Rudi pale uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza. Saleh Omar, mzee kutoka Zanzibar anayekuja kuomba hifadhi kwa jina la mtu mwingine, anajifanya hajui Kiingereza. Afisa wa uhamiaji anapekua mzigo wake, anakuta kijikasha cha udi wa kufukiza, anakichukua. Wahakiki wengi huandika kwamba hapo Afrika imekutana na Ulaya, kisha wanaendelea na safari. Lakini usikilize huo udi. Unaitwa ud-al-qamari, na Saleh mwenyewe anatueleza kwamba qamari hii haihusiani na mwezi, ingawa qamar kwa Kiarabu ni mwezi. Ni jina la Khmer lililopindishwa na ndimi za watu, yaani udi wa Kambodia. Aliupata kwa mfanyabiashara Mwajemi kutoka Bahrain, mmoja wa wale waliofika pwani kwa pepo za msimu. Basi nyumbani kwa Saleh palikuwa na tamaduni tele kabla hajapanda ndege. Upande wa kwanza wa hiyo "kati" yako hauna umoja unaoudhania.

Na upande wa pili je? Afisa huyo, Kevin Edelman, anamwambia Saleh kwamba wazazi wake mwenyewe walikuwa wakimbizi kutoka Romania! Mtoto wa wakimbizi ndiye mlinzi wa mlango.

Hapa Avtar Brah, mwananadharia wa uhamaji, atakufaa kuliko Bhabha. Mwaka 1996 alipendekeza dhana ya nafasi ya diaspora: mahali panapokaliwa na waliohama pamoja na wale wanaohesabiwa kuwa wenyeji, na uhamaji unawagusa wote. Kwa Brah haitoshi kuuliza nani alisafiri. Uulize pia alisafiri lini, vipi, katika mazingira gani. Ukimpima Edelman na Saleh kwa maswali hayo, utaona kwamba wana historia zinazofanana, ila muhuri umo mkononi mwa mmoja. Bhabha hakusahau mamlaka, kwani aliandika juu ya ukoloni hasa. Shida ni kwamba wanafunzi humsoma kana kwamba kuchanganyika ni kupatana. Kijikasha kile hakikubadilishana mikono kwa mapatano.

Utashawishika pia kutumia orodha ya sifa za diaspora, yaani jamii zinazoishi mbali na kwao, aliyoitoa mtaalamu William Safran mwaka 1991, yenye kumbukumbu ya nchi ya asili na tumaini la kurejea. Itumie kwa tahadhari. Ukimpitisha Latif Mahmud, msimulizi wa pili wa riwaya, aliyetoka kwao kwenda kusoma Ujerumani Mashariki na kuishia Uingereza, atafeli nusu ya mtihani, na kufeli kwake ndiko kunakovutia. Kinachomchoma Latif ni nyumba ya familia yake na vilivyokuwamo, vilivyoangukia mikononi mwa Saleh. Ugomvi wa nyumba na deni kati ya familia mbili za pwani ile ile ndio moyo wa riwaya, nawe katika sura uliyonitumia umeupa aya moja. Naamini hilo ndilo lililomuudhi msimamizi wako.

Halafu kuna lugha, na hapa una mtaji ambao wahakiki wengi wa kigeni hawana. Neno udi wewe huhitaji kufasiriwa. Orodhesha maneno ambayo msimulizi anayafafanua na anayoyaacha bila maelezo, kisha uulize anamweleza nani. Ububu wa Saleh nao uusome hivyo hivyo: ni wa kuchagua, baada ya ushauri wa aliyemuuzia tiketi.

Kwa hiyo, iandike upya sura ya pili ukianzia kwenye kijikasha. Kurasa tatu za mwanzo asitajwe mwananadharia yeyote. Brah aingie pale tu Edelman anapotaja wazazi wake, na Bhabha umbakize kwa ajili ya kujadiliana naye. Ugomvi wa nyumba upe sura yake yenyewe.