Silabusi nimeikariri, "kwa nini" imenishinda

SWALI: Mama, niko mwaka wa kwanza chuoni hapa Goma. Silabusi, yaani kitini cha somo, naijua yote kwa kichwa, lakini asistenti, msaidizi wa profesa, akiuliza "kwa nini?" nanyamaza. Nifanye nini?
Mwanafunzi, Katindo

JIBU: Mwanangu, nami nilikariri hivyohivyo, na miaka ile inaniuma hadi leo. Kilichonifungua ni mazuku, ile hewa ya mabondeni inayoua bila kuonekana. Nyumbani tuliambiwa ni upepo mbaya, tukakubali. Siku moja nikajiuliza: mbona mbuzi aliyelala shimoni anakufa, na mchungaji aliyesimama ukingoni anapona? Kumbe ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye nchi yetu ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mabondeni, hasa pasipo na upepo. Wazee hawakudanganya, hatari waliiona kweli. Sisi ndio hatukuuliza zaidi.

Basi kila ukurasa wa silabusi, andika pembeni swali moja ambalo ukurasa wenyewe haulijibu. Muulize hata fundi wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, kwa nini amechagua mti ule. Mwenzako akikupinga, mwombe akuonyeshe ulipokosea. Na asistenti akiuliza tena, sema unachofikiri, hata sauti ikitetemeka.