Kusoma mchoro wa Kyubizimu: mimi nilianza na kamba

Ndugu uliyeuliza kama mchoraji Pablo Picasso alivikatakata vitu katika Kyubizimu, mtindo wa kuonyesha pande mbalimbali za kitu kwa pamoja katika mchoro mmoja, kwa kuwa hakujua kuvichora vizima, nakujibu kwa uzoefu wa kufundisha uchoraji hapa Bagamoyo, ambako kila kundi la wanafunzi huniuliza hivyohivyo. Kuchora alijua, alifunzwa tangu utotoni na baba yake, mwalimu wa sanaa.

Tuchukue mchoro wake wa mwaka 1912 wenye kiti cha henzerani, uliomo katika makumbusho yake jijini Paris. Nilipouona kitabuni mara ya kwanza sikutambua chochote isipokuwa kamba iliyozungushwa ukingoni, na kwa kuwa kamba tunaijua sisi tuliokulia kwenye majahazi, nikaanzia hapo. Kamba ile ni ya kweli, haikuchorwa. Ususi wa henzerani, ambao ungeapa kuwa ni wa kweli, ni kitambaa cha mezani kilichochapwa kiwandani kisha kikabandikwa. Glasi, kisu na kipande cha limau, alivyovichora kwa mkono wake, ndivyo vinavyolisumbua jicho. Herufi JOU ni mwanzo wa neno la Kifaransa lenye maana ya gazeti.

Darasani huweka mbuzi ya kukunia nazi juu ya mkeka. Anayeichora akiwa amesimama huona ubao wote na meno ya chuma yaliyotanuka kama upepeo, lakini miguu haioni. Aliyechuchumaa ubavuni huona miguu inavyopishana, ila meno yamegeuka mstari mwembamba. Kisha nawaambia waziunganishe pande zote mbili kwenye karatasi moja. Mwanafunzi mmoja aliyapachika meno ya kutoka juu kwenye miguu ya ubavuni, akaogopa kuwa amekosea, kumbe mbuzi yake ndiyo pekee ambayo mtu angeweza kuikunia nazi. Ndiyo maana Picasso na mwenzake Georges Braque walishikilia glasi, chupa na magazeti: kitu kilichozoeleka mkononi hutambulika hata kwa mdomo wake na kitako chake tu.

Wapo wanaoiona kamba ile kuwa fremu tu. Mimi naisoma kuwa ukingo wa meza inayotazamwa kutoka juu, na ukiisoma hivyo, henzerani ile ni kiti kilichosogezwa chini ya meza, nacho kinaonekana hata pale ambapo ubao ungekificha.